Msiba wa Jicho la Kulia

Jumatatu, 2 Juni

Pazia jeusi limeshuka kwenye jicho la kulia tangu jana misani. Nilidhani padri amezima taa. Daktari wa macho hapa mjini anasema utando wa ndani umebanduka, kama plasta kwenye ukuta wenye unyevu. Nisipopasuliwa huko Moshi wiki hii, jicho hilo ndiyo basi. Alipotaja bei nilikaa chini. Bima sina. Niliikataa mwaka juzi kwa sababu kila niliyemwona na kadi ya bima alikuwa mgonjwa.

Mke wangu Dorika anataka tuuze ng'ombe. Ng'ombe ni mmoja, anakamuliwa, na ananisikiliza kuliko mtu yeyote humu ndani. Hauzwi. Nina mpango.

Jumanne, 3 Juni

Mpango ni kikundi chetu cha kuzikana hapa Nangara. Nimechangia tangu kianze na sijafa hata mara moja. Leo nimekwenda kikaoni, nikatangaza kwamba jicho langu limefariki. Mweka hazina, Otilia, akauliza maiti iko wapi. Nikamwonyesha. Mwenyekiti Sylvanus, aliyeninyang'anya kiti hicho mwaka jana kwa kuwanywesha wapiga kura soda, akasema kikundi hakiziki vipande.

Nikasema basi nipewe fedha zangu za mazishi mapema, na nikifa kweli wasinijue. Wakaanza kunitazama kuanzia miguuni, kama mbuzi wa mnadani, wakipima nimebakiza muda gani. Wakakubali! Nimetia sahihi. Kwa hiyo siku yangu ikifika Dorika atanizika peke yake. Sijamwambia.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi kutoka Moshi. Wamepasua, wakatia mafuta ndani ya jicho ili yaubane utando urudi mahali pake. Mafuta hupanda juu, kwa hiyo lazima nitazame chini mchana na usiku mpaka daktari anikague. Nikiinua kichwa, utando unaweza kubanduka tena, na safari hiyo hakuna dawa. Naogopa, naandika wazi.

Nalala kifudifudi kwenye benchi. Daftari liko sakafuni, naandika kwa jicho la kushoto. Dunia yangu sasa ni visigino. Dorika ana mpasuko kwenye kisigino ambao sikuwahi kuuona miaka yote ya ndoa. Nimemwambia. Uji umechelewa sana.

Alhamisi, 12 Juni

Ndala za Otilia zimeingia. Amekuja kutaarifu kwamba Jumamosi wanachama wote watafika, maana katiba inasema fedha ya msiba haitoki bila msiba kukaliwa. Nikamuuliza ni mpumbavu gani aliandika kifungu hicho. Akasema ni mimi, nilipokuwa mwenyekiti, ili kuwazuia matapeli.

Dorika akauliza msiba wa nani. Ikabidi nimweleze. Ametoka nje na kuzungumza na ng'ombe kwa muda mrefu.

Jumamosi, 14 Juni

Turubai, kuni, masufuria, viti vya kukodi. Benchi limebebwa hadi uani nikiwa juu yake. Kwaya imeimba. Kina mama wamepika maharage yangu. Kuna aliyelia kwa bidii, na kwa sauti ile nadhani ananidai.

Kisha viatu, moka za kahawia, vikasimama mbele ya pua yangu. Sylvanus, kusoma wasifu wa marehemu! Akasema marehemu hakuwahi kuchelewa chakula wala kuwahi kuleta kuni. Kwamba alidai nauli ya kwenda msibani nyumba ya pili. Watu wakacheka, msibani. Nikaanza kuinuka nimjibu usoni. Mkono wa Dorika ukanikandamiza kisogo. Akaninong'oneza nichague, heshima au jicho. Basi nikazijibu moka. Nimeziambia mengi na sifuti hata moja.

Kumbe hakuwa amemaliza. Akasema mama yake alipofariki ilikuwa masika, kaburi likajaa maji, watu wakajikinga chini ya turubai, na aliyeshuka shimoni na ndoo ni marehemu huyu wa leo peke yake. Sikujua kwamba anakumbuka. Nilifurahi, na nikachukia kwamba nimefurahi. Matone mawili matatu yaliangukia zile moka. Ni dawa ya macho. Mtu asiseme vingine.

Jumanne, 8 Julai

Naona! Ukungu kidogo, lakini pazia limeondoka. Nimeona uso wa Dorika kwa macho yote mawili na nimemwambia bado ni mzuri. Akauliza nataka nini.

Nataka fedha. Daktari anasema yale mafuta lazima yatolewe baada ya miezi michache. Upasuaji mwingine, bei nyingine. Dorika alimtazama ng'ombe. Ng'ombe akanitazama mimi.

Hauzwi. Nimeisoma katiba upya, ukurasa kwa ukurasa. Misa ya arobaini ina fungu lake, tofauti kabisa na la mazishi. Msiba wangu umekaliwa, mashahidi ni kikundi kizima, arobaini ya jicho ni keshokutwa, na hakuna hata aliyeitaja. Ni aibu kwao. Kesho asubuhi marehemu anakwenda kwa Otilia kudai haki yake. Sylvanus naye aanze kuandaa hotuba. Safari hii nitamsikiliza nikiwa nimekaa kitini, namtazama usoni.