Lalamiko kwa Daktari Ghanim, kwa Kuwapa Wazungu Sifa Yetu

Kwa mwanangu mpendwa, Daktari Ghanim, huko Amerika,

Assalaam alaykum. Ni mimi ami yako Msellem, mdogo wa marehemu baba yako, nnakuandikia kutoka Matrah, hapa Omani, nikiwa mzima wa mwili na mgonjwa wa roho. Muhadhara wako uliotuletea kwenye simu, ule wa ubaguzi wa Wazungu wa Amerika, nimeusikiliza wote, mwanzo hadi mwisho, bila ya kupepesa jicho.

Basi, nimesema uwongo. Nilisikiliza mpaka pale uliposema "kwanza kabisa", usingizi ukanichukua. Uliobaki kanihadithia binti yako Aseel, ambaye anakaa kwetu tangu apate kazi ya hospitali, na mke wangu Mahfudha akawa anamsahihisha, ingawa naye hakuusikia hata kidogo. Lakini lalamiko langu ni la kweli, na naomba ulipokee kwa heshima zote.

Umewapa Wazungu sifa isiyo yao. Umesimama mbele ya watu wazima, na miwani yako, ukasema hakuna waliouingiza ubaguzi katika kila kitu kama Waamerika: shule, benki, nyumba, polisi. Watu wakakupigia makofi. Mwanangu, sisi wa nyumbani tumekukosea nini? Uliondoka hapa mtu mzima, kazi yetu unaijua. Iweje umsifu fundi wa mbali, na wa kwenu umpite kama humuoni? Nnataka usahihishe, kwa sababu hizi.

1. Ubaguzi wa Mzungu ni wa macho tu. Ulitusimulia polisi alivyokusimamisha ndani ya gari yako mwenyewe, akakuuliza umeipata wapi. Pole sana, na hapo sifanyi mzaha. Mahfudha alilia siku ile. Lakini itazame kazi yenyewe ilivyo ya kivivu! Kaona mtu mweusi, basi, kamaliza. Hata babu yako ni nani hakuuliza. Sasa mtazame Maan, kijana aliyekuja kumposa Aseel. Maan mweupe kuliko wewe. Mkisimama pamoja barabarani, atakayesimamishwa ni wewe. Kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake ndilo hilo hilo letu. Polisi wako angempigia saluti. Sisi tulimjua kabla hajavua viatu. Babu yake alikuwa mzalia wa nyumba yetu Unguja, kabla hatujahamia huku, mtoto wa watumwa, na jina la kabila walipewa na wazee wetu kama mtu apewavyo kanzu kuukuu. Nani huko Amerika anaiweza kazi hiyo?

2. Wao wana gharama kubwa. Shurti polisi, shurti mahakama, shurti benki na ramani zake za mitaa ya nani na nani. Sisi tuna shangazi yako Shaikha na simu yake. Kijana akitajwa tu, Shaikha anauliza, "Huyu wa kwa nani?" Akijibiwa, anavuta pumzi, anasema, "Aaa." Hiyo "Aaa" ndiyo mahakama ya mwanzo, ndiyo ya rufaa, na hukumu yake haina karatasi hata moja ya kwenda kuilalamikia.

3. Ulimlalamikia jirani yako Mzungu. Nyumba kaachiwa na babu yake, kazi katafutiwa na rafiki wa baba yake, kisha anakwambia kila mtu ajibebee jukumu lake, yeye kafika kwa jasho. Ukasema, huyo kazaliwa juu ya ngazi, anadhani kaipanda. Maneno matamu hayo. Nimeyasema msikitini nikajidai ni yangu. Lakini Ghanim, na ile nafasi yako ya kwenda kusoma, si khalu yako, kaka wa mama yako, alikuwa na sahibu yake ofisini? Baba yake Maan fundi gari kule Wadi Kabir, penye magereji. Kijana kasoma huku anamshikia mzee wake spana. Alipotajwa kwako mara ya kwanza ulisema, "Ajitahidi kwanza, awe mtu." Akajitahidi, akawa mhandisi. Ukasema, "Jitihada si asili." Hapo, mwanangu, nilikuvulia kofia. Mzungu wako humfungia mtu mlango tangu asubuhi, akajua moja. Wewe ulimwacha apande ngazi yote, alipofika juu ndipo ukamwambia nyumba iko upande wa pili.

4. Hii nimeisahau. Mahfudha anasema ilikuwa ndiyo yenye maana kuliko zote.

5. Sasa tuje kwenye huo unaouita mfumo. Umefundisha kwamba ubaguzi mkubwa hauhitaji mtu mbaya, ni mfumo tu unaokwenda wenyewe. Sikukuelewa mpaka siku ya posa. Walikuja watu wa Maan, wamevaa, wananukia. Ami yake kijana akapewa kahawa, akaweka kikombe chini kama mila, hanywi mpaka ajibiwe. Wewe tulikuegemeza kwenye birika, ndani ya simu. Ukasema, "Wallahi mimi binafsi sina ubaguzi. Ni mfumo wetu tu, watu watasema." Kisha ukasema nasibu haikuandikwa, ukakata. Yaani jambo lako umemtwika Mwenyezi Mungu, ukaenda kazini! Kahawa ikapoa. Mzee wa watu akainuka akatuaga kwa adabu iliyotuuma kuliko matusi. Na Aseel alikuwa nyuma ya mlango.

Yule mtoto hakupiga kelele. Aliniambia, "Babu, baba akikataa simvunjii neno. Lakini na mwengine asiletwe." Toka siku hiyo hali nasi. Anarudi kazini, anakula jikoni, kasimama, kama mgeni anayengoja gari.

Basi mie nikatoka kwenda kumtafuta huyo mfumo, nimpigie magoti. Nilimuuliza imamu wetu, akaniambia yeye yuko tayari kufungisha ndoa hata leo. Nikaenda mpaka Maskati penye jamaa zetu wenye vyeo, wakaniambia kwao haina neno, ila watu. Nikambana Shaikha. Shaikha akasema yeye ni nani? Anamngoja Ghanim aseme. Ghanim anawaogopa watu. Na hao watu, nilivyowatafuta mwisho hadi mwisho, ni Shaikha. Nnakuuliza kwa adabu: wapi umeona Amerika mfumo mzima wa kuvunja maisha ya watoto wawili, na wote ukatosha kwenye simu mbili?

Kwa sababu hizo, naomba rasmi kwamba katika muhadhara wako ujao uwatake radhi Wazungu kwa kuwabebesha cheo wasichokiweza. Useme wao bado ni wanagenzi. Walete vijana wao hapa tuwafunze. Shaikha atawafunza "Aaa". Wewe utawafunza kusema "mimi binafsi". Maan tutamkalisha mbele yao, wamtazame kutwa, watafute kosa lake kwa macho yao. Atakayelikosa arudi kwao akaendelee na rangi.

Nnamaliza hapa, maana karatasi imekwisha na Mahfudha ananitazama vibaya. Nisalimie mkeo Sabah, umwambie haluwa yake nitampa akija, isikauke ndani ya posta. Nisalimie mwanao Fahd na wanawe. Nisalimie na yule jirani yako Mzungu, umwambie ana ndugu zake wengi Matrah wasiomjua. Shaikha anakusalimu, lakini kasema nisikwambie kama nimemtaja.

Wako ami, mwenye kukuombea dua na kukusengenya kwa zamu,
Msellem

Baada ya sahihi: Bahasha nilikwisha kuifunga, Mahfudha kanifungulisha. Juu nimekuandikia kana kwamba kwetu sisi hapenyi mtu. Si kweli. Alipenya mmoja. Ulipotaka kumuoa Sabah, baba yake, Mwarabu wa Nizwa ambaye ukoo wake haujapata kuiona Afrika, alimwambia baba yako, "Nyinyi Wazinjibari, mama wa huyu kijana ni nani?" Mama yako, Allah amrehemu, alikuwa Mmanyema, na bibi yake aliletwa Unguja kafungwa kamba. Hilo unalijua, ingawa hulitaji. Usilolijua ni kwamba ulikataliwa. Baba yako aliniapisha nisikwambie, asione unainamisha kichwa mbele ya wakwe. Nikaenda Nizwa mie, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mlinzi wa shamba akadhani naomba kazi. Mwisho nikamwambia yule mzee, "Mimi nimeishiwa maneno. Muulize binti yako." Akamuuliza. Hiyo ndiyo elimu yangu yote.

Sasa Ghanim, mshenga hupewa kilemba, na mie changu sijakiona mpaka leo. Cha nguo sikitaki, kichwa chenyewe kimebaki kidogo. Nnataka simu moja tu. Mpigie ami yake Maan, umwambie karibuni tena Ijumaa.