Nyuzi Kumi na Tisa Zitakazofumuliwa Bofu

Waheshimiwa mliofika, waheshimiwa mliokwama feri, mashekhe na maimamu, naibu wa msaidizi wa chifu, mwenyekiti wa viti na hema, mama zangu wa vikundi, na hata wewe uliyepanda ukuta bila kualikwa: assalaam alaykum! (Waalaykum salaam. Sauti nyuma: “Fanya upesi yakhe, jua!”)

Jua nimeliona, ndiyo maana nimekuja. Mimi Mbwana Sheikhan, Mratibu wa Kamati Teule ya Kusawazisha Joto Mtaani na Duniani, ambaye jiografia niliiacha darasa la saba si kwa kushindwa bali kwa kuimaliza (vicheko, vingine vya kulipwa), nasimama kwenye jukwaa hili jipya kuuzindua mradi ambao haujapata kutokea.

Mwezi uliopita Mwalimu Mwanarehema, huyo mwenye buibui hapo mbele, alinijia ofisini akaniambia, “Mheshimiwa, darasa langu la nne ni bati tupu, halina dari. Ikifika saa sita watoto wanazirai mpaka kwenye hesabu za kujumlisha. Twaomba dari.” Hapo ndipo mtajua mwalimu ni nani na kiongozi ni nani. Mwalimu huona bati, kiongozi huiona dunia! Nikaunda fremuweki, nikawaita mastekiholda, nikaenda Limuru wiki mbili kwa utafiti, na wallahi nililala na mablanketi matatu huku nawafikiria nyinyi. (“Maskini wee!”)

Asubuhi moja redio ikasema Limuru leo ni nyuzi kumi na nne, Mombasa thelathini na tatu. Nikaruka kitandani! Nyuzi! Kumbe joto lina nyuzi, na miaka yote hakuna aliyetwambia! Mtu aliyelelewa na mama mshona kofia, kama mimi, hahitaji chuo kikuu: nyuzi thelathini na tatu zikifumwa pamoja ni blanketi, nyuzi kumi na nne ni chandarua, hewa inapita. Basi sisi wa Bofu hapa Mombasa tumefunikwa blanketi, wa Limuru wamefunikwa chandarua, na sayansi imekwisha.

Akatokea binti wa idara ya hali ya hewa, Nyambura, akataka kunivuruga. “Mheshimiwa, nyuzi ni kipimo tu, kama sentimita. Limuru iko juu, zaidi ya mita elfu mbili, na kila ukipanda mita elfu joto hupungua nyuzi sita hivi. Bofu iko usawa wa bahari.” Nikamwambia, binti, anayepanda juu si analikaribia jua? Akasema jua liko mbali mno, hewa hupashwa na ardhi. Nikamjibu kwamba ardhi ya Bofu naijua, haina jiko. (Vicheko. Mwalimu Mwanarehema hacheki.)

Nikamuuliza, na Ulaya je? Akasema huko jua hupiga kwa mshazari, mwanga ule ule ukatandazwa mahali pakubwa, kama samli kidogo kwenye chapati kubwa, lakini kwetu linapiga wima. Mmesikia? Wenzetu wanapigwa ubavuni kwa adabu, sisi tunapigwa utosini! Na ule mstari wa ikweta umepita Nanyuki, si hapa, na wenye mstari wanavaa sweta, sisi tusio na mstari tunatota jasho. Tumetengwa! (Makofi. Neno hilo halijawahi kukosa makofi.)

Takwimu za mtaalamu wangu, dereva Jafar, zinaonyesha asilimia mia moja na kumi na mbili ya wakazi wa Bofu wanatokwa jasho. Hao kumi na wawili waliozidi ni watalii wa ufuoni Shelly Beach. Kwa hiyo awamu ya kwanza tutafumua nyuzi kumi na tisa, tubaki sawasawa na Limuru, na nyuzi zenyewe tutawapelekea Wazungu kama msaada. Fundi cherehani Charo tumemteua Mkurugenzi wa Ufumuaji. Kazi imefika asilimia tisini, imebaki kuipata ncha ya uzi tu.

(Mwalimu Mwanarehema anasimama. “Shikamoo, Mheshimiwa. Zile mbao za dari walizoleta wazazi, kamati yako ikasema inakwenda kuzikagua, ziko wapi? Watoto wana mtihani Jumatatu.”)

Marahaba, mwalimu. Naja huko. Kwanza tuseme pamoja: Nyuzi! (Watu wanamgeukia Mwalimu Mwanarehema.) Zifumuliwe! Bofu! (“Dari!”) Baridi, jamani, mjibu baridi! Bofu! (“Dari!”)

Basi nishukuru nimalize. Naishukuru kamati nzima, ambayo ni mimi. Naishukuru feri kwa kuchelewa, maana bila saa ile moja ya kungoja, mradi huu nisingeuwazia chochote. Namshukuru Charo, ambaye uteuzi wake ameusikia sasa hivi pamoja nanyi. Na nawashukuru mno wazazi wa darasa la nne kwa mbao zenu safi, tumezikagua, hazina kasoro hata moja, zimebeba kilo zangu mia na kumi tangu asubuhi bila kulia. (Wazazi wanakuja mbele. Mzee Ngala ana nyundo, Mwalimu Mwanarehema anahesabu mbao kwa kidole.)

Jamani, kwa utaratibu! Mzee Ngala, anza upande ule! Mamangu mwalimu, waambie basi wangoje nishuke!