Ombi la Kuondoa Mkasi Kwenye Kompyuta za Kituo

Kwa Bwana Amadi,
Mkurugenzi wa Kituo cha Mafunzo ya Video,
Katuba, Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba yako. Mimi ni Edouard Mwepu, mstaafu wa reli, yule mwanafunzi wa kiti cha mbele anayekuja na mto wake wa kukalia. Sikuandikii kwa hasira. Hasira ilikuwa Jumapili. Leo ni Jumatano, zimebaki hoja nne tu.

Ukumbuke kwanza kilichonileta kwako. Binti yangu Sephora aliolewa mwezi wa nane. Mama yangu, Mama Edith, mwenye miaka themanini na minne, yuko kitandani Kipushi tangu alipovunjika nyonga, na harusi ya mjukuu wake hakuiona. Mpiga video alituachia picha zote kwenye flash, zikiwa vipande vipande, akaenda zake Kolwezi. Nikamwahidi Mama kwamba nitaziunga kwa mkono wangu mwenyewe na kumpelekea harusi hiyo kitandani. Ndiyo sababu, kwa umri wangu wa miaka sitini na saba, nilikuja kujifunza programu yenu ya kuhariri video. Sasa nilalamike.

1. Mkasi. Siku ya kwanza kabisa, mwalimu wako Hénoc, kijana mpole ambaye simlaumu, alinionyesha alama ya mkasi akasema kazi yote inaanzia hapo. Nikamfungulia hotuba ya kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, mzee Ephraïm, anayewapa maharusi mawaidha. Hénoc akasikiliza kidogo, akasema: «Papa, hapa iko ananyamaza sana. Ukate.» Bwana Mkurugenzi, mzee Ephraïm akinyamaza ndipo anaposema! Watu mia tatu walikaa kimya wakimngoja amalize kukohoa, halafu mimi nimkate kwa kidole kimoja? Sikukata kitu. Sikukata hata zile dakika ishirini na tano ambazo mpiga video aliweka kamera kwenye kiti akaenda kula, kwa maana mguu wa meza unaoonekana pale ni wa meza ya wazee. Video yangu ina masaa tisa na dakika kumi na nne. Aliyethubutu kumkata mzee Ephraïm ni umeme peke yake, mara mbili, na huo nao umezoea kukata kila mtu.

2. Wakwe kufunikwa. Kwenye programu, video hupangwa kwa mistari, mmoja juu ya mwingine. Wewe unajua desturi: sisi tunaotoa mke ndio tunaowekwa juu. Kwa hiyo nikaweka familia yetu mstari wa juu, na familia ya mkwe wangu Chileshe, watu wema wa Sakania, mstari wa chini, kwa heshima kabisa. Hakuna aliyeniambia kwamba wa juu anamfunika wa chini! Jumamosi wakwe wakaja nyumbani kwangu kutazama kwenye kompyuta yangu ya mezani. Watu arobaini waliosafiri kutoka Sakania na masanduku na kuku hawakuonekana hata mmoja. Walisikika tu wakipiga vigelegele chini yetu. Mama mkwe alitazama saa nzima, akaweka glasi mezani, akaniuliza: «Papa Edouard, sisi tulikufa?» Siku hiyo hiyo nikawapanga mmoja nyuma ya mwingine, lakini neno lilishatoka.

3. Mapambo. Ili video isiwe kavu, Hénoc alinionyesha namna ya kupitisha picha moja kwenda nyingine. Mapambo hayo ni mengi, na mimi nilichukua yote, kwa kuwa mtu akikaribishwa mezani hachagui. Matokeo yake, Padri akiwa katikati ya baraka anazunguka mara tatu na kutoweka. Dada yangu Annie anapasuka kuwa nyota. Annie ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na tangu hapo hanipigii simu. Kwetu, anayetoweka namna hiyo tunamjua kwa jina jingine, na hatumwaliki harusini.

4. Hii ndiyo iliyoniuma. Jumapili asubuhi nilipanda basi la Kipushi, flash mfukoni, nikiishika kila tulipopita shimo. Mama alikuwa ameshavalishwa kitenge kipya na kitambaa cha kichwa, na majirani wameletewa viti. Nikachomeka flash kwenye kompyuta ndogo niliyoazima kituoni, nikabonyeza. Tukaona wekundu mtupu na maandishi kwamba picha hazipatikani. Mama akauliza kwa sauti ndogo: «Edouard, mariage iko wapi?» Nilimpigia Hénoc simu nikiwa uani. Akasema: «Papa, uliweka projet tu, hauku-exporter video.» Maana yake nilibeba orodha ya vyakula, sufuria ikabaki Lubumbashi. Majirani walirudisha viti polepole ili wasinitie aibu, na mimi aibu ilinijaa hadi masikioni.

Kwa hoja hizo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Mkasi uondolewe kwenye kompyuta zote za kituo. Ikishindikana, programu ijue umri wa anayeongea, na aliyepita miaka sitini asikatike. Kila kompyuta iwekewe mtu wa protokoli, kama ukumbini, wa kuhakikisha wakwe wamekaa panapoonekana. Halafu, kwa kuwa programu ndiyo iliyokosea na haina miguu, wewe kama mkubwa wake uende Sakania kuiombea msamaha. Mbuzi mmoja na kuku mweupe vitatosha, nimeshauliza. Dada yangu Annie ataridhika na barua.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa mlangoni, mama anayetuuzia mandazi saa nne, na Hénoc, ambaye Jumatatu alini-exportia masaa tisa bila kuguna.

Wako mwenye heshima na subira,
Edouard Mwepu

N.B. Barua hii ilibaki mfukoni mwangu, na leo ni Jumapili tena. Jana nilirudi Kipushi, na safari hii harusi ilifunguka. Mama alitazama kwa adabu. Ilipofika hotuba yangu mimi, ya dakika arobaini na mbili, alivumilia kumi, akanigeukia: «Mutoto yangu, hii machine haina na makasi?»

Nikakimbiza video mbele. Kwenye saa ya saba, tukiwa tunapita tu, Mama akapiga godoro kwa kiganja: simama hapo! Alikuwa Sephora, nyuma ya ukumbi, peke yake mbele ya kamera, amefunga kiunoni kile kitenge cha zamani alichopewa na bibi yake. Anakishika na kumwambia bibi huyo: «Kambo, unaona? Niko nacho. Tuko wote hapa.» Sekunde arobaini, basi. Mimi niliyeyalinda masaa tisa yote sikuwa nimeziona.

Tulilia, Bwana Mkurugenzi, sifichi. Kisha nikafungua programu kwenye kompyuta ile ya kuazima, pale pale kitandani, nikachukua mkasi, nikakata kushoto, nikakata kulia, nika-export mwenyewe. Sekunde hizo sasa ziko kwenye simu ya Mama, na tangu jana hakuna jirani ambaye hajazitazama.

Kwa hiyo mkasi uacheni mahali pake. Jumatatu nitakuja na mto wangu kujifunza kukata vizuri, na nitaanza na hotuba yangu. Nilimuuliza Mama niikate kuanzia wapi. Amesema kuanzia mwanzo.