Chaza Mia Tatu wa Kombo

Jumatatu, 3 Februari

Leo Bi Tuhfa, mtaalamu wetu wa ufugaji hapa Kigombe, kanikabidhi chaza wachanga mia tatu. Wale wenye gamba mfano wa upepeo. Ukubwa wa mbegu ya papai. Mwanaasha, mwenzangu wa kazi hapa bandani, naye kapewa mia tatu, tangi la pili. Baada ya wiki, ambaye wake watakuwa wamekua zaidi ndiye atakayesimamia banda zima. Msimamizi Kombo. Linakaa vizuri mdomoni.

Masharti: maji yasizidi nyuzi joto ishirini na nane, mwani vikombe viwili kwa siku. Ni mwani mdogo usioonekana kwa macho. Unaona maji ya kijani tu. Mwanaasha kaandika yote. Mimi nina kichwa.

Jumatano, 5 Februari

Nimegundua siri. Ndizi ukiivundika kwenye joto huiva upesi. Nimeondoa makuti juu ya tangi langu, jua liingie. Mwanaasha kauliza kipimajoto kinasemaje. Nikamjibu natia kiwiko, kama maji ya kumwogesha mtoto. Akasema chaza si mtoto. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Februari

Chaza wamefunga magamba, hawali. Ni wazi wamechoka kupunjwa. Nimewamiminia ndoo nzima ya mwani, na ya Mwanaasha pia. Wake ni wadogo, watavumilia. Maji mazito kama kisamvu. Nikaenda kuswali Ijumaa, roho imetulia.

Jumamosi, 8 Februari

Harufu. Magamba wazi, hakuna anayetikisika. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanaasha aliona ndoo yake tupu, hakunigombeza. Alichota maji mapya, tukachambua mmoja mmoja hadi adhuhuri. Wazima arobaini na mmoja. Kawatia kwenye tangi lake, ndani ya wavu mdogo.

“Usiwape kitu, Kombo,” alisema. “Hata salamu.”

Nikatoka nje kunawa uso. Lazima ni ile harufu.

Jumatatu, 10 Februari

Bi Tuhfa kapima kwa rula. Mwanaasha ndiye msimamizi. Nilidhani nitafukuzwa, lakini Mwanaasha mwenyewe akaniombea nibaki. Alisema bidii ninayo, tatizo ni mahali ninapoielekeza. Nimeshika ile sehemu ya kwanza.

Halafu nikatafakari. Wale mia mbili hamsini na tisa walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Nani aliyewatambua? Tena kwa siku tano tu.

Nimepewa burashi ya kusugulia matangi. Mwingine angeona kashushwa. Mimi naona mbali. Msimamizi ana ufunguo wa banda, lakini mwenye burashi huingia tangi lolote, na hakuna anayemuuliza anafanya nini humo.