Ombi la Kuliliwa Mapema

Kwa Ato Zerihun,
Mwenyekiti wa idiri, chama chetu cha kuzikana,
Dessie.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumai u mzima. Kama si mzima basi pole, kwa sababu chama chetu hakitakusaidia mpaka ufe. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

1. Chama kinawahudumia wasiohitaji. Ato Mulat alipofariki, hema lilisimama kabla mwili haujapoa. Wanawake walileta mikate ya injera na mchuzi, wanaume wakalala kwenye mabenchi siku tatu wakicheza karata. Mulat hakuonja hata tonge. Mimi nilimenya vitunguu mpaka macho yakavimba, nikasifiwa kwa uchungu wangu.

2. Nina saratani ya titi. Daktari anataka kunipasua Jumatatu, na nimeshamkwepa mara mbili, maana sina wa kumwachia watoto wala Emama Zewditu, mama wa marehemu mume wangu, ambaye akili imemruka. Juzi alipika viatu vyangu, akavitia na chumvi. Nilipomweleza Katibu, Weizero Amarech, alinijibu: "Dada yangu, kanuni ni kanuni. Wewe fariki kwanza, mengine niachie mimi."

3. Basi naomba nikopeshwe matanga yangu. Nitalala kimya, sitabishana na mtu. Wenye kujigaragaza kwa huzuni wajigaragaze jikoni, karibu na vyombo vichafu. Wanaume wakeshe na Emama, asije akawasha jiko. Nikija kufa kweli, nizikeni kimyakimya, sitadai kitu.

4. Ikiwa ni lazima pawe na marehemu, niandikeni nimekufa tangu Jumatatu. Nitafufuka Ijumaa, siku tunayofunga nyama, ili nisiwatie hasara ya nyama.

5. Najua mtakayoyasema kaburini: "Maskini Yeshi, angetuambia tungemsaidia." Ndugu Mwenyekiti, ndiyo nawaambia. Naogopa. Daktari amesema nikiahirisha tena, kunipasua kutakuwa kazi bure.

Nisalimie mkeo, watoto, wapishi wa chama, na yule mzee anayelinda hema.

Mwanachama wako, ningali hai,
Yeshimebet Tadele

Nyongeza: Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea Emama. Akaelewa jambo moja tu, kwamba nimekufa. Alipiga yowe, mtaa mzima ukaja mbio na masufuria. Weizero Amarech amenikuta mlangoni nimesimama mzima, akaona haya, lakini vitunguu vilikuwa vimeshaingia kwenye mafuta. Wote wananigombeza: "We Yeshi, mbona hukusema unaumwa?" Kweli, nilimwambia Katibu peke yake. Sasa wamegawana zamu mpaka nitoke hospitali, na kanuni hakuna aliyeiulizia, kwa hiyo barua hii ichane. Ni Emama tu ambaye bado analia, habembelezeki. Nimeketi mbele yake, nikamshika mikono anione. Amenitazama, akakata injera, akanitia tonge mdomoni: "Kula, mgeni. Huyu aliyekufa alikuwa mwanangu kuliko yule niliyemzaa."