Hotuba ya Kuzindua Mtambo wa Maji Matamu, Kijiji cha Umm Tarfa

Mheshimiwa Sheikh Mizhir, mkuu wa ukoo na mwenye baraza hii ya matete. Waheshimiwa masayyid wa vilemba vyeusi na masheikh wa vilemba vyeupe, kila mmoja kwa cheo chake. Waheshimiwa makamanda wastaafu, ambao sasa ni wakurugenzi. Mama zetu wa mashahidi wa vita. Na nyinyi wananchi mliobaki: msalieni Mtume na Aali zake! (Umati unaitikia.)

Mnanikumbuka mimi, Abu Sajjad wa zamani, kamanda wa Jeshi la Kiapo, ndevu hadi kifuani na roketi begani. Basi mtazameni Abu Sajjad wa leo, mbunge wa Chama cha Kiapo na Maendeleo, suti ya kijivu, ndevu zimepunguzwa kwa mujibu wa mkakati, shati limefungwa hadi kifungo cha juu bila tai, maana tumebadilika lakini hatukupotea! (Makofi. Wanaosimama ni madereva wake.)

Mageuzi haya yalipitia awamu kumi na moja za mchakato shirikishi: kitengo cha kuvizia kikawa kitengo cha mahusiano ya umma, na mimi, niliyekuwa nikilipua madaraja, nikateuliwa kwenye kamati ya madaraja, kwa kuzingatia uzoefu. (Kicheko. Mheshimiwa anainamisha kichwa kushukuru.) Na mtambo huu wa kuondoa chumvi umetekelezwa kwa asilimia mia na nne, kiwango ambacho hata wataalamu wamekishangaa.

(Umm Dakhil, mama wa shahidi, anapaza sauti kutoka upande wa wanawake: “Abu Sajjad! Siku unamzika mwanangu uliniapia maji matamu mpaka mlangoni. Nyati wangu wa maziwa walikuwa saba, chumvi imewapofusha, imewaua, kabaki mmoja. Maji yako wapi, baba?”)

Swali zuri sana, mama yangu, na tunalipeleka kwenye kamati. Damu ya Dakhil haikwenda bure: jina lake liko kwenye bango la mtambo, kwa herufi za dhahabu, chini kidogo ya picha yangu.

(Umm Dakhil: “Dakhil hanywi tena maji. Ninayekunywa ni mimi.”)

Naam. Sasa, kwa mila zetu, mgeni mwenye haja hanywi kahawa; hukiweka kikombe chini mpaka mwenyeji amwambie, “Kunywa, haja yako imekubaliwa.” Basi hiki changu nakiweka hapa, na haja yangu ni kura zenu zote, Jumamosi.

(Sheikh Mizhir: “Wewe kunywa tu, Mheshimiwa.”)

Mmesikia? Kakubali hata sijamaliza! (Anainua kikombe, anachungulia.) Sheikh wangu, mbona kitupu?

(Sheikh Mizhir: “Kahawa tumeipika kwa maji ya mtambo wako.” Kicheko kinatikisa matete, madereva nao hawajiwezi.)

Changamoto hiyo nimeipokea. Kiapo! Maendeleo! (Umati: “Maji!”) Kwa kumalizia, nawashukuru sana kwa kushiriki uzinduzi huu wa kihistoria. Mlioshika bomba mbele ya kamera, lirudisheni garini taratibu. Halijaunganishwa na chochote, na saa kumi tunalizindua tena ng’ambo ya mto. Na lile bango msilikunje. Fundi atalifuta tu jina la Dakhil. Kule wana shahidi wao.