Albamu ya Pili Haikumtaja Mtu

Jumatatu, 6 Oktoba
...na ndiyo maana nasema magazeti ya Uingereza hayana moyo! Wiki tano za ndoa, na Hervé wangu, mpiga gitaa asiye na mfano, analia juu ya sinki letu hapa Jette, Brussels. Albamu ya kwanza ya bendi yake ya Kiingereza, The Damp Mondays, iliwapagawisha Waingereza. Ya pili, wameandika, ni mvua juu ya mvua. Kampuni ya muziki imesema Jumamosi wakipiga hapa jirani, Etterbeek, ukumbi ukiwa mtupu, mkataba basi. Analia vizuri jamani! Ukumbi nitaujaza mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata! Kwetu Kongo mwimbaji hukutupia libanga: anataja jina lako katikati ya wimbo, nawe unakuja na ukoo mzima. Nimemwahidi Maman Anne-Marie wa kwaya jina lake limo, wimbo wa tatu. Papa Anaclet na duka lake la pondu, kisamvu chetu, wa tano. Kufikia mchana, watu arobaini. Carine, dada yake Hervé, kauliza tangu lini Waingereza wanatupa mabanga. Wivu! Hervé sijamwambia. Mapenzi ni kushtukizana.

Jumapili, 12 Oktoba
Jana ukumbi ulijaa! Suti, vitenge, manukato hadi mlangoni. Nyimbo za huzuni, moja baada ya nyingine, hakutajwa hata paka. Baada ya wa tatu Maman Anne-Marie akasimama: "Bon, na jina yangu iko wapi?" Papa Anaclet akauliza, alors, wametuita kwa matanga ya nani? Watu wakaanza kujitaja majina wenyewe, kwa zamu, kisha kwa pamoja. Mwimbaji akaweka maikrofoni chini, akatoka. Mtu wa kampuni akavaa koti. Hervé alibaki jukwaani peke yake, akinitazama mimi tu. Macho yale!

Ijumaa, 17 Oktoba
Kampuni imewaacha. Bendi imevunjika. Hervé amekwenda kwa mama yake, Leeds, Uingereza, na magitaa yote mawili na mto wake. Kaacha karatasi: tafadhali usinisaidie tena. Mnyenyekevu kupita kiasi! Carine anasema, donc, amekuacha. Carine hajui ndoa. Nimempigia bosi wa kampuni, nikamwahidi jina lake mara nne katika albamu ya tatu. Alikata simu, furaha ilimzidi. Hervé, mpenzi, usihuzunike. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwa mama yako.

Nakuja na kwaya.